Kumhukumu Rosa Bila Kumsoma

Hakuna kitabu kinachopata mahakimu wengi kuliko kitabu cha mapenzi. Kitabu cha hesabu hakina adui, na kitabu cha jiografia hakimnyimi mzazi usingizi. Lakini riwaya ikiwa na msichana na mvulana ndani yake, kila mtu huketi kitini pa hakimu: aliyeisoma yote, aliyeisoma nusu, aliyeiona picha ya jaladani tu, na hata yule aliyesikia jina lake likitajwa sokoni. Mmoja husema ni sumu; wa pili husema ni asali; wa tatu husema ni upuuzi usiostahili wino uliotumika kuupigia chapa. Nakuomba, msomaji kijana, unitegee sikio kwa muda, maana nataka kuteta na wote watatu.

Hapa Zombe, upande wa mashariki wa Kitui, nchi ni kavu, na mito hupitisha mchanga miezi mingi kuliko inavyopitisha maji. Watu wamezoea kuchimba mchangani ili wapate ndoo moja, wala hawamwagi ovyo kitu kilichopatikana kwa taabu. Katika nchi kama hii, kitabu cha hadithi nacho ni kama maji ya kisima cha mchangani. Kikiingia shuleni hupita kutoka mkono huu hadi mkono ule, mpaka jalada likabanduka na kurasa za mwisho zikapotea. Ndiyo maana mabishano juu yake huwa makali: wengi wamekigusa, wachache wamekimaliza. Tena hukumu ya wakubwa juu ya kitabu hicho huwa nzito, kwa sababu kikinyang'anywa hakuna cha pili cha kushika mahali pake.

Ili tusibishane hewani, natwaa riwaya moja iliyo maarufu katika lugha yetu. Mwaka 1971 East African Literature Bureau ilichapisha Rosa Mistika, riwaya ya kwanza ya Euphrase Kezilahabi, kijana wa miaka 27 kutoka Namagondo katika kisiwa cha Ukerewe. Rosa ni binti wa Zakaria, baba mlevi na mkali. Barua ya kijana aitwaye Charles inaonekana, na kwa barua hiyo msichana anapigwa kipigo kisicho na kiasi. Rosa anakwenda shule akiwa na hofu ya wanaume badala ya maarifa juu yao. Baadaye hofu inakatika kama kamba iliyooza. Anatoka kwa mwanamume huyu kwenda kwa yule, anatoa mimba, na hatimaye, mtu aliyempenda kwa moyo anapomkataa kwa ajili ya maisha yake ya nyuma, anajiua.

Kitabu hicho kiliwagawa wasomaji tangu siku zake za mwanzo. Wako waliosema mwandishi amewavua nguo binti zetu hadharani. Wako waliosema hajasema ila lile ambalo kila kijiji kinalijua na kila kijiji kinalificha. Katika Tanzania riwaya hiyo ikapigwa marufuku isisomwe shuleni. Miaka ikapita, marufuku ikaondoka, na kitabu kilekile kikasomeshwa katika shule zilezile. Mwaka 2025, miaka mitano baada ya kufa kwa mwandishi, kikatolewa kwa Kiingereza nchini Marekani na chapa ya Chuo Kikuu cha Yale. Basi jiulize: kati ya siku ya kupigwa marufuku na siku ya kusomeshwa, ni maneno gani yaliyobadilika kitabuni? Hadithi ilibaki ileile. Kilichobadilika ni macho ya wasomaji wake.

Sasa nimwendee wa kwanza, asemaye kwamba kitabu cha namna hii ni sumu. Huyu simdharau. Aghalabu ni mzazi aliyeuza mbuzi au magunia ya ndengu ili alipe karo, naye anaogopa. Hofu yake ina msingi. Uchunguzi wa taifa wa afya ya jamii uliofanywa Kenya mwaka 2022 ulionyesha kwamba wasichana 15 katika kila 100 wa umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamekwisha kushika mimba. Hiyo si hesabu ya kuchekwa. Kila mmoja wa hao ana dawati aliloliacha au aliloliweka hatarini, na ana mama aliyelia usiku. Mzazi anayeisikia hesabu hiyo, kisha akaona riwaya ya mapenzi chini ya godoro la binti yake, ana haki ya kushtuka.

Lakini kushtuka si kuhukumu. Kama riwaya ndiyo mwalimu wa uasherati, basi kila mahali penye uhaba wa riwaya pangekuwa na usalama mkubwa, na kijiji kisicho na hata kabati moja la vitabu kingekuwa kijiji cha watakatifu. Nani atasimama mbele ya watu na kulisema hilo bila kucheka mwenyewe? Msichana anayedanganywa kwa nauli ya pikipiki, kwa chupa ya mafuta ya kujipaka au kwa ahadi ya ndoa, hadanganywi na Kezilahabi. Anadanganywa na mtu mwenye miguu miwili, na mara nyingi anadanganyika kwa kuwa hakuna aliyemweleza mapema maneno ya mtu huyo yanafananaje. Rosa hakuharibiwa na kitabu. Katika hadithi nzima, kinachomharibu kwanza ni baba aliyetumia fimbo mahali palipotakiwa maneno. Kwa hiyo mzazi anayeichoma riwaya hiyo bila kuisoma anafanya jambo la ajabu: anaichoma barua iliyoandikwa kwake yeye.

Tena liko jambo jingine ambalo wenye kuita kitabu sumu hawalitazami. Hakuna hata mmoja wao asemaye, “Kitabu hiki kimeniharibu mimi.” Siku zote anayeogopewa kuharibika ni mwingine. Mwaka 1960 wachapishaji wa Penguin walishtakiwa mjini London kwa kutoa riwaya ya D. H. Lawrence, Lady Chatterley's Lover. Mwendesha mashtaka aliwauliza wazee wa baraza kama kitabu hicho wangependa kisomwe na wake zao au na watumishi wao. Hakuwauliza kama wao wenyewe wameharibika kwa kukisoma. Wachapishaji wakaachiliwa, na swali lile likabaki kuwa kichekesho hadi leo. Miaka zaidi ya mia moja kabla ya hapo, mwaka 1857, Gustave Flaubert alisimamishwa mahakamani mjini Paris kwa ajili ya Madame Bovary, hadithi ya mke aliyevunja ndoa yake. Naye aliachiliwa, na leo riwaya yake huhesabiwa miongoni mwa zile kubwa za Ufaransa. Mahakimu wa vitabu hawakuanzia Afrika ya Mashariki, wala makosa yao hayakuanzia hapa.

Wala mtu asiniambie kwamba kuwazungumzia vijana habari za mapenzi ni desturi ya kigeni. Karibu na mwaka 1858 Mwana Kupona binti Msham, mwanamke wa pwani yetu, alitunga utenzi kwa ajili ya binti yake, akimweleza mambo ya ndoa na ya kuishi na mume. Leo tunaweza kubishana na ushauri wake, lakini hatuwezi kusema alinyamaza. Huku bara, Wakamba walikuwa na hadithi za jioni na nyimbo za ngoma, na kijana aliyekwenda kinyume aliweza kuimbwa mbele ya watu akajirekebisha kwa haya. John Mbiti, mzaliwa wa Mulango karibu na mji wa Kitui, alikusanya hadithi nyingi za watu wake akazichapisha kwa Kiingereza mwaka 1966. Bibi aliyesimulia habari za msichana aliyewakataa wachumba wote kisha akaolewa na zimwi hakuwa akiwapumbaza wajukuu. Alikuwa akiwafundisha kumtambua zimwi hata akija amevaa vizuri. Bibi huyo sasa yuko mbali na mabweni, na mjukuu amelala shuleni miezi mitatu. Tukimnyang'anya hadithi iliyoandikwa baada ya kumkosesha ile iliyosimuliwa, nani atamfundisha? Wahenga walisema, asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Na ulimwengu hauna likizo wala huruma.

Ukitaka kuona jinsi hukumu zetu zisivyo na mizani moja, weka Rosa Mistika kando ya Utengano ya Said Ahmed Mohamed, iliyotoka mwaka 1980. Katika riwaya hii Maksuudi anamfungia ndani binti yake Maimuna, asione watu wala asionwe. Siku mlango unapofunguka, msichana anatoroka na kuingia katika maisha mabaya ya mjini. Kisa ni jamaa na kile cha Rosa: baba aliyedhani kufuli ni malezi, na binti aliyelipa gharama. Lakini Utengano iliwekwa katika orodha ya vitabu vya mtihani wa kidato cha nne nchini Kenya, na maelfu ya wanafunzi wakaulizwa maswali juu ya Maimuna, wakapata alama, wakaenda zao vyuoni. Kisa cha namna moja kilikatazwa upande huu wa mpaka na kutahiniwa upande ule. Je, binti wa Ukerewe ana moyo mwepesi kuliko binti wa Kitui? La hasha. Tofauti ni kwamba Maimuna alisomwa mchana, mbele ya mwalimu, kwa kuulizana na kujibizana.

Hapo ndipo ilipo hoja yangu yote. Kitabu cha mapenzi hakimdhuru kijana kwa sababu ya kusomwa. Humdhuru kinaposomwa gizani, kwa haraka, bila mtu wa kumuuliza, huku moyo ukidunda kwa woga wa kukamatwa. Mwizi wa embe hamung'unyi akaionja. Humeza hata kokwa. Marufuku hukitoa kitabu mezani na kukipeleka chini ya godoro, na chini ya godoro hakuna mwalimu.

Nimemaliza na wa kwanza. Sasa wewe wa pili, usemaye ni asali, usishangilie kana kwamba nimekuwa wakili wako. Nawe nina neno nawe.

Ziko riwaya za mapenzi zitengenezwazo kama matofali, moja sawa na nyingine. Kampuni ya Mills & Boon ilianzishwa London mwaka 1908; Harlequin ilianza Kanada mwaka 1949, na mwaka 1971 zikawa chini ya mwenyeji mmoja. Vitabu vyao vimevuka bahari vikafika hata mitumba ya masoko yetu. Mwanamume ni mrefu, tajiri, mwenye kiburi kinachoyeyuka katika sura ya mwisho. Msichana ni maskini mzuri asiyejua kwamba ni mzuri. Wanagombana, wanatengana, wanarudiana, na mwisho lazima uwe wa furaha, kwani msomaji amelipa ili aupate mwisho huo. Sikatai kwamba mtu aliyechoka anaweza kujiburudisha nacho, kama anavyonyonya kipande cha muwa. Lakini muwa si chakula. Katika vitabu hivyo kiburi cha mwanamume huitwa mapenzi, na wivu wake huitwa heshima. Msichana akimeza hayo vitabu 20 mfululizo, kisha akatokea mvulana anayemkemea na kumpokonya simu yake, atadhani amempata shujaa wa kitabuni, kumbe amempata Zakaria mwingine ambaye bado hajaota mvi.

Wako pia wanaotetea kila kitabu kwa neno moja: “Tazameni mwisho wake, mwovu ameadhibiwa.” Ushahidi wa neno hilo tunao huku kwetu Ukambani. David Maillu, mzaliwa wa Kilungu katika Makueni, ambaye mwaka 1972 alikuwa amechapisha mkusanyo wa methali za Kikamba, alianzisha mjini Nairobi kampuni yake ya Comb Books. Akatoa kwa Kiingereza vitabu vidogo vya bei nafuu: Unfit for Human Consumption na My Dear Bottle mwaka 1973, kisha After 4.30 mwaka 1974. Habari zake zilikuwa pombe, wanawake, wakubwa wa maofisini, na mishahara inayokwisha kabla ya mwezi. Vijana na makarani wakavinunua kwa pupa, wahakiki wengi wakavikunjia uso, na mwaka 1976 Tanzania ikavipiga marufuku.

Waliomtetea walisema: mtazameni Jonathan Kinama, mtumishi anayeponda mshahara wake kwa ulevi na uzinzi, je, si anaishia kujinyonga? Si fundisho hilo? Nami nasema, mwisho peke yake hautoshi. Mwandishi akitumia kurasa mia kukutia mate mdomoni, kisha kwa ukurasa mmoja akamnyonga mwenye dhambi, hajafundisha bado; ameuza pombe na kubandika onyo chupani. Usiulize tu Kinama alikufaje. Uliza pia mke wake wa kijijini amepewa kurasa ngapi, na watoto wake walikula nini siku ile mshahara ulipokwisha. Kwa upande wa pili, wenye kumshutumu Maillu wasisahau kwamba katika After 4.30 aliwapa wanawake wa maofisini sauti ya kuwalalamikia wanaume waliowanyanyasa, jambo ambalo waheshimiwa wengi wa wakati ule hawakutaka kulisikia. Kitabu kimoja chaweza kuwa na kosa na haki pamoja, nawe kazi yako ni kuvitenganisha kama apepetaye mtama katika ungo.

Wa tatu hatanichelewesha. Huyu husema riwaya ya mapenzi ni upuuzi kwa kuwa haimo katika mtihani. Ndugu yangu, mtihani wa kidato cha nne utaufanya kwa majuma machache. Mtihani wa kumchagua mwenzi, kumkataa mdanganyifu, kulea binti bila kumvunja na kulea mvulana bila kumfanya jabari, utaufanya maisha yako yote, na hauna karatasi ya marudio. Mtu anayejiandaa kwa mtihani mdogo na kuudharau mkubwa asijiite mwanafunzi mwerevu.

Basi riwaya ya mapenzi ihukumiwe vipi? Nakupa maswali manne, uyachukue kama fundi achukuavyo kamba ya kupimia. Kwanza: je, kitabu kinanionyesha sababu, au kinanionyesha tendo tu? Rosa anaonyeshwa tangu fimbo ya baba hadi kaburi lake, na kila hatua ina chanzo chake. Pili: je, kila aliyeumizwa amepewa nafasi ya kusema, au machozi ya wengine yamefagiliwa nje ya mlango ili wapenzi wawili wafurahi? Tatu: je, kinaniambia ukweli juu ya gharama, ya mimba, ya fedha, ya masomo na ya heshima, kwa mwanamke na kwa mwanamume vilevile? Nne: je, baada ya kukifunga, nawajua watu vizuri zaidi, au nimebaki na tamaa ya mtu asiyeishi popote duniani?

Kitabu kikiyajibu maswali hayo vema, kitetee hata mbele ya mkuu wa wilaya. Kikishindwa, kikosoe hata kama darasa zima linakipenda. Mkitofautiana, tofautianeni kwa ushahidi. Mwenzako akisema Rosa ni malaya tu, usimtukane. Mwambie afungue kitabu akuonyeshe ukurasa uliompa neno hilo, nawe umfungulie ukurasa wa barua na wa kipigo. Akisema Charles alifanya haki kumkataa, mwulize kama naye Charles aliulizwa habari za maisha yake ya nyuma. Mabishano ya namna hiyo hayavunji urafiki, huutia nguvu. Tena mvulana akisikia wasichana wa darasa lake wakimtetea Rosa, atajifunza jambo ambalo fimbo elfu haziwezi kumfundisha.

Na ninyi wazazi mtakaoupata ukurasa huu mkononi mwa watoto wenu, nawasihi kwa heshima. Mkikuta riwaya chini ya godoro, msianze kwa moto. Kaeni chini muisome mpaka mwisho, kisha mwiteni mtoto mmuulize: “Mwanangu, umeelewa nini hapa?” Labda jibu lake litawauma. Labda atawaambia ameona nyumbani mwenu kitu alichokisoma kitabuni. Vumilieni, maana jibu hilo, hata likiwa chungu, ni dalili kwamba mtoto bado anazungumza nanyi.

Kuhusu wewe mwanafunzi, haki hii ya kusoma ina deni lake. Ukidai kuachiwa kitabu, kisome chote, si kurasa zile tu ambazo wengine wamezikunja pembe. Ukikosa kurasa za mwisho, usijifanye unaujua mwisho. Na ukitoa hukumu, itoe kwa sauti, mahali ambapo mtu aweza kukujibu. Zakaria alimhukumu Rosa kwa fimbo kwa ajili ya ile barua. Usiwe Zakaria wa vitabu.